Chakula cha baridi pale Whona: maoni yangu kuhusu safari ya Horombo

Kuna wateja wanaolalamika kwamba kampuni hii ya vijana wa Marangu inawalisha wageni inaowapandisha Mlima Kilimanjaro chakula cha baridi njiani. Ni kweli. Tulipofika Whona, mahali pa kupumzikia kati ya kambi za Mandara na Horombo, tulipewa mayai ya kuchemsha, chapati, parachichi na chai ya kwenye chupa. Mwenzetu mmoja akaomba supu. Mpishi akamjibu kwa upole: "Samahani kaka, hapa hatuwashi jiko. Supu utaikuta Horombo." Kwa jibu hilo tu nimewapa nyota tano.

Mimi ni mzaliwa wa Mamba, na migomba ya kihamba chetu inakunywa maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, unaoshuka kutoka msituni. Moto wa tarehe 11 Oktoba 2020 ulianzia hapohapo Whona. Taarifa ya awali ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilisema wapagazi walikuwa wakipasha chakula cha wageni, moto ukashika vichaka na nyasi kavu. Usiku ndimi zilionekana hadi Moshi mjini. Zikateketea takribani kilomita za mraba 95, na mamia ya watu wakapanda kuzima: askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wanavijiji. Oktoba 2022 mlima ukawaka tena, upande wa kambi ya Karanga.

Kiongozi wetu alikuwa miongoni mwa waliopanda mwaka 2020. Hakupita haraka penye mashina meusi ya erika, miti ya ukingo wa juu wa msitu; alitusimamisha. Kabla ya hapo, kwenye miti iliyosalimika, alikuwa amekamata zile ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini, akazikamua juu ya kiganja changu. Maji yakachuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono, na mvua haikuwa imenyesha! "Ni ukungu huu, Mama. Mti ukiungua, nani ataukamata?" Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeutafiti mlima huu miaka mingi, aliandika mwaka 2005 kwamba moto unaopunguza msitu wa juu unatunyima maji mengi kuliko kuyeyuka kwa barafu. Sisi wa chini tunaililia theluji, na hao erika hatuwataji.

Kasoro ipo: mfuko wa kulalia niliokodishwa ulikuwa na zipu mbovu, na baridi ya Horombo, mita 3,720, haina huruma. Wabadilishe mifuko.

Lakini wagumu wao, yaani wapagazi, nimewaona wakila ugali wa moto na maharage jikoni Horombo, wameshiba, kabla hata sisi hatujaandaliwa meza. Mgumu aliyeshiba kituoni hana sababu ya kuwasha jiko porini. Ndiyo maana, ukitafuta kampuni ya kukupandisha, usianze na bei. Waulize wapagazi wao wanakula wapi, na jiko linawashwa wapi.