Walinda amani: wa UN au wa AU?
Hapa Kondele, Kisumu, ubishi huu wa nani bora, walinda amani wa Umoja wa Mataifa (UN) au wa Umoja wa Afrika (AU), hauishi.

Kwa fedha, UN inashinda. Kila nchi mwanachama hutozwa mchango wa lazima, Marekani ikipangiwa zaidi ya robo. AU hutegemea wafadhili. AUSSOM, misheni yake ya sasa Somalia, ilianza 2025 bila bajeti ya uhakika. Azimio 2719 la Baraza la Usalama la UN, la 2023, linaruhusu UN kulipia hadi asilimia 75 ya bajeti ya misheni za AU, lakini kila misheni huamuliwa kivyake, na hapo ndipo mageuzi haya ya ufadhili yanapokwama. Inaniuma sana.

Kwa mapambano, AU: AMISOM, misheni yake ya kwanza Somalia, iliingia Mogadishu 2007, vita vikiwa bado moto.

Jirani yangu, mwanawe askari wa kulinda amani, hushinda na simu mkononi mwisho wa mwezi akingoja karo ya wajukuu. Kwake, UN, yenye fedha za uhakika. Lakini anayeshambuliwa usiku huu atamtaka atakayewahi kufika: AU.