Uzoefu wangu: NASCAR Whelen Modified Tour kwa sisi tulioko New England

Sisi Wakenya wa Lowell na Worcester, Massachusetts, tunajua harambee na nyama choma za kila wikendi ya kiangazi. Wachache wanajua kwamba mwendo usiozidi saa moja kutoka Worcester, pale Thompson, Connecticut, kuna mbio za magari ambazo mimi nazipenda kuliko zile kubwa za kwenye televisheni za NASCAR, shirika la mbio za magari la Marekani. Zinaitwa NASCAR Whelen Modified Tour. Nimezifuata kwa misimu kadhaa, na nazipa nyota nne na nusu kati ya tano.

Gari la Modified halifanani na gari lolote unalolijua. Liko chini, limetanuka, injini ni V8, na magurudumu yote manne yako nje ya bodi. Hapo ndipo utamu ulipo, na hatari pia: tairi la mmoja likigusa la mwenzake, gari linaweza kuparamia na kuruka. Dereva anayekuja ubavuni mwa mwenziwe kwa kasi ile anahitaji moyo. Haya ndiyo magari ya kwanza kabisa ya NASCAR. Mbio za kwanza za shirika hilo, Daytona mwaka 1948, zilikuwa za Modified, na Red Byron ndiye aliyeshinda. Ziara yenyewe (Tour, yaani msururu wa mbio za msimu mzima kwenye viwanja mbalimbali) kwa mfumo wa sasa ilianza 1985.

Viwanja vingi ni vifupi na vinazunguka tu, hakuna kona za kulia. Stafford, kule Connecticut, ambako ziara hii ilikuwa ikifika kwa miaka mingi, ni nusu maili, karibu mita 800. Thompson, nayo iko Connecticut, ni kama kilomita moja. Riverhead, kule Long Island, ni robo maili: hebu fikiria magari zaidi ya ishirini yakifukuzana kwenye duara la ukubwa wa ile njia ya riadha ya Kasarani, mizunguko 200. Anayekuja kutoka kwenye raha ya Safari Rally, ambapo unangoja vumbi lipite ndipo uone gari linalofuata, atashangaa. Hapa unakaa kiti kimoja na unaona kila kitu, kuanzia anayeongoza hadi anayeburuta mkia.

Ushauri wangu ni huu: ukiweza, nunua pasi ya kuingia piti, yaani sehemu ambapo mafundi huhudumia magari, kwa sababu viwanja kadhaa huiuza hata kwa watazamaji. Nilisimama karibu na fundi mmoja aliyekuwa akizungusha futi ya chuma kwenye tairi, anasoma kipimo, anaandika namba kwa chaki pembeni mwa mpira, kisha anahamia lingine. Nikamuuliza. Akanieleza kwamba tairi za kulia huwa kubwa kidogo kuliko za kushoto, ili gari lenyewe livute kushoto kwenye kona, na tofauti ndogo tu inaweza kumnyima dereva wake usingizi. Tangu siku hiyo sitazami mbio vilevile. Dereva akilalamika redioni kwamba gari halitaki kukata kona, najua mafundi wanawaza nini.

Jambo jingine la kulitazama ni tairi mpya. Kila timu ina idadi maalumu ya tairi inayoruhusiwa. Bendera ya njano, ile ya kupunguza mwendo kukiwa na ajali au hatari, ikitoka katikati ya mbio, mkuu wa timu anaamua papo hapo: aingie piti achukue tairi mpya na kurudi nyuma ya foleni, au abaki mbele na zilizochoka? Kwenye kiwanja kifupi kupita ni kazi ngumu, kwa hiyo uamuzi huo ndio mara nyingi unaotoa mshindi. Mizunguko ishirini ya mwisho, wenye tairi mpya wakianza kuwala wa mbele mmoja mmoja, jukwaa zima husimama.

Wazee wa jukwaani watakutajia Richie Evans wa Rome, New York, aliyetwaa ubingwa mara tisa na kufariki akifanya mazoezi kwenye uwanja wa Martinsville, Virginia, mwaka uleule wa 1985. Namba yake, 61, ilistaafishwa. Wanamzungumzia kwa heshima kubwa sana.

Swali ninaloulizwa na wenzangu: je, mtu mweusi anakaa kwa amani pale? Tuko wachache, siwezi kuficha. Lakini mimi na watoto hatujasumbuliwa, na majirani wa kiti hutueleza mambo bila kuombwa. NASCAR ilipiga marufuku bendera ya Confederate, ile ya majimbo ya kusini yaliyopigania utumwa, kwenye viwanja vyake mwaka 2020, na kwangu hilo lilikuwa na uzito.

Nusu nyota nimeikata kwa sababu bendera za njano nyingine hurefuka mno, na kwenye uwanja mmoja spika zilikuwa mbovu hata mtangazaji hasikiki. Mvua nayo huahirisha mbio, kwa hiyo angalia hali ya hewa kabla ya kujaza mafuta. Watoto wavalishe vizuia kelele vya masikioni, hili halina mjadala.

Asiyeweza kusafiri atazame mtandaoni kupitia huduma ya FloRacing. Kwa mara ya kwanza nendeni Thompson, mkae juu, upande wa kona ya nne. Loudon, kule New Hampshire, ni pakubwa zaidi, zaidi ya maili moja. Pasubiri hadi mtakapowajua madereva kwa namba zao.