Medali za fedha za kutawazwa wafalme wa Polandi: ipi ununue kwanza

Mwaka 2025 Polandi iliadhimisha miaka 1000 tangu Bolesław Chrobry avikwe taji, na soko likajaa vitu vya kumbukumbu vya kila aina. Anayeanza kukusanya hukimbilia ile medali kubwa inayong'aa kwenye tangazo. Kwenye orodha yangu hiyo ndiyo ya mwisho.

Kigezo changu ni kimoja: kitu kilichokuwapo wakati wa kutawazwa kwenyewe kinatangulia kilichotengenezwa baadaye, hata kama kimechakaa. Mataji ya kale waliyovikwa wafalme wa Polandi hayapo tena. Waprussia waliyapora kwenye hazina ya Wawel, kasri la wafalme huko Kraków, mwaka 1795, na mwaka 1809 yakayeyushwa. Szczerbiec, upanga wa kutawazia, ulinusurika, pamoja na vipande vya fedha vilivyobaki mikononi mwa watu.

Namba 1: vijisarafu vya kutawazwa

Kwa Kipolandi huitwa *żeton koronacyjny*. Ni vipande vidogo vya fedha, ukubwa wa sarafu, vilivyorushiwa umati au kugawiwa wageni mfalme alipotawazwa. Vya August III, aliyetawazwa Kraków tarehe 17 Januari 1734, na vya Stanisław August Poniatowski, aliyetawazwa Warszawa tarehe 25 Novemba 1764, huonekana mnadani mara kwa mara, na mtu wa kipato cha kawaida anaweza kujipanga akakipata kimoja.

Mimi ningeanza na cha 1764. Ni kazi ya Thomas Pingo, fundi wa London, chenye taji na maneno ya Kilatini HANC IUSSIT FORTUNA MERERI, yaani bahati ilimwamuru mfalme astahili taji hili. Tarehe hiyo ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Katarina, na aliyemsukuma Stanisław hadi kwenye kiti cha enzi ni Katarina wa Pili wa Urusi, mpenzi wake wa zamani. Bahati hiyo, basi, ilikuwa na jina lake.

Ukikishika, anza kukagua juu kabisa, karibu na ukingo. Watu wengi walivivaa shingoni, kwa hiyo vilitobolewa au kuunganishiwa kishikizo. Kiinamishe chini ya taa: tundu lililozibwa huonyesha duara lenye rangi tofauti kidogo na fedha inayolizunguka, na herufi zilizopita hapo huwa zimechongwa upya kwa mkono, hazilingani na wenzake. Muuzaji mwaminifu huandika *przekłuty* (kimetobolewa) au *ślad po uszku* (alama ya kishikizo). Kilichotobolewa waziwazi kinunue kwa bei ya chini bila wasiwasi. Kilichozibwa kimyakimya mwachie mwenyewe.

Namba 2: mfululizo wa wafalme wa PTAiN, ila wa fedha tu

Tawi la Koszalin la chama cha akiolojia na sarafu cha Polandi, PTAiN, lilitoa medali za wafalme zilizobuniwa na Witold Korski na kugongwa kwenye kiwanda cha sarafu cha Warszawa. Kipenyo chake ni milimita 70, zinajaa kiganja, na sura zake zina uhai kuliko nyingi za siku hizi. Zinamwadhimisha mfalme mzima na utawala wake, kutawazwa kukiwamo, ndiyo maana sikuziweka juu.

Mtego wake uko kwenye metali. Mchoro uleule ulitolewa kwa *tombak*, ambayo ni aloi ya shaba, kwa tombak iliyopakwa fedha, na kwa fedha halisi. Kwenye tangazo *srebro* ni fedha, *srebrzony* ni iliyopakwa. Kwenye picha zinafanana kabisa. Sumaku haikusaidii, maana hainasi shaba wala fedha.

Tumia mizani ya sonara. Pima medali, kisha weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, uizamishe medali ikining'inia kwa uzi bila kugusa chini. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba inayotokea. Fedha ya 925 (yenye fedha halisi asilimia 92.5) hutoa takriban 10.3, tombak haifiki 9. Kwa medali ya gramu 150, tofauti ni kama 14.5 dhidi ya 17 kwenye bilauri, hata mizani ya bei rahisi inaiona. Ukinunua kwa mbali, mwombe muuzaji uzito kamili na picha ya ukingo kabla ya kutoa dau.

Namba 3: sarafu za "Skarby Stanisława Augusta"

Jina hilo maana yake ni "Hazina za Stanisław August". Kwa sheria hizi ni sarafu, za zloti 50, zilizoanza kutolewa na Benki Kuu ya Polandi mwaka 2013. Naziweka hapa kwa sababu zinafuata medali za wafalme ambazo Stanisław August mwenyewe alimwagiza fundi wa medali Jan Filip Holzhaeusser. Fedha ya 999, gramu 62.2, uzito umetangazwa na benki, hivyo kukagua ni rahisi. Kwa asiyetaka kuumiza kichwa, hili ndilo chaguo salama.

Namba 4: medali kubwa za karne ya 17

Kwa uzuri zingekuwa za kwanza. Sebastian Dadler, na Johann Höhn wa Gdańsk, waligonga medali ambazo hata mikunjo ya vazi unaihesabu. Lakini bei ni kali, na nakala za kusubu kwenye kalibu zimetapakaa tangu zamani. Nakala hupungua kipenyo kidogo, huwa na vitundu kama vya sindano, na miguu ya herufi huwa ya mviringo. Neno *odlew* maana yake ni ya kusubu.

Angalia pia mwaka. Jan III Sobieski alichaguliwa 1674 lakini alitawazwa tarehe 2 Februari 1676, kwa sababu alikwenda kwanza vitani dhidi ya Waturuki. Medali ya 1674 inayouzwa kama "ya kutawazwa" ni ya uchaguzi. Dai namba yake kwenye katalogi, yaani kitabu kinachoorodhesha medali za Polandi, ya Raczyński au ya Hutten-Czapski, ambaye mkusanyo wake uko makumbusho Kraków.

Namba 5: mpya za matangazo

Shaba iliyopakwa fedha, sanduku zuri, cheti chenye muhuri. Ya kwanza huja karibu bure, halafu nyingine zinafuata na ankara. Kama ni zawadi, sawa. Usitegemee kuiuza.

Kabla ya kupandisha dau, jumlisha ada ya mnada inayoongezwa juu ya bei ya nyundo (dau lililoshinda), usafirishaji na ushuru wa forodha wa nchi yako. Kwa kitu cha kale chenye thamani kubwa, uliza kwa maandishi kama kinahitaji kibali cha kutoka Polandi na ni nani atakayekishughulikia, kwa sababu ukishashinda mnada unatakiwa kulipa, kibali kiwepo kisiwepo.