Wiki nane za kukaa kimya na tezi dume yangu

Nimeendesha mabasi ya Dar–Mbeya miaka ishirini na sita, na miaka hiyo yote mimi ndiye niliyeamua watu wachimbe dawa wapi. Abiria akija mbele kuninong'oneza "dereva, nisaidie," namwambia avumilie, Chalinze si mbali. Wengi wao walikuwa wazee. Mungu anisamehe, sikujua wanachokisema.

Sasa nina miaka 64, nimestaafu, na tezi dume yangu imekua, inabana njia ya mkojo: ina ujazo wa mililita 58, wakati ya kijana huwa 20 hadi 25 hivi. Nimemaliza darasa la wiki nane la kutuliza akili, limeandaliwa kwa ajili ya wanaume wenye tatizo hili hapa Dar, na wenzangu wa kijiwe cha kahawa wamenichosha kwa kuniuliza kama hela yangu imeenda na maji. Ada ni shilingi 160,000, unaweza kulipa mara mbili kwa simu. Jibu langu ni hili hapa, wasiniulize tena.

Kwanza nilikotoka. Mwaka jana nilishikwa na mafua, nikanunua vidonge duka la dawa, nikameza viwili nikalala. Saa tisa usiku naamka, mkojo hautoki. Hata tone. Hadi alfajiri tumbo limekaza kama tairi la semitrela, natembea koridoni nimeshika ukuta, mke wangu, Mama Zuhura, yuko barabarani anatafuta bajaji. Hospitali wakaniwekea mpira wa kutoa mkojo, na sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yule kijana aliyeuweka. Daktari akaja kunieleza kwamba baadhi ya dawa za kuzibua pua hubana pia misuli ya shingo ya kibofu, na mtu mwenye tezi iliyokua anaweza kuziba kabisa. Mpira ulikaa siku nne. Nikaanzishiwa tamsulosini, kidonge kimoja kwa siku, nikaambiwa nisiinuke kitandani kwa pupa maana inaweza kuleta kizunguzungu.

Mkojo ulirudi. Woga haukuondoka. Kila nikihisi kitu kidogo tumboni, nafsi inaniambia: leo unaziba tena. Naenda chooni kabla ya kutoka, navaa viatu, naenda tena. Nilivijua vyoo vyote kuanzia Mbezi hadi Kariakoo, vya kulipia, vya bure, na vile ambavyo mlango unaushika kwa mguu. Kwenye harusi nakaa kiti cha mwisho karibu na mlango, watu wanadhani naringa. Msikitini narudia udhu mara mbili kwa wasiwasi wa tone. Na safari ya Iringa kwa wakwe nimeiahirisha mara tatu kwa sababu ya Mikumi. Anayeijua barabara ile ananielewa: kilomita 50 hivi katikati ya hifadhi, gari halisimami, mtu hashuki, na simba hana habari na tezi dume.

Kipimo cha damu, kile cha PSA kinachosaidia kuchunguza saratani ya tezi dume, kilikuwa kizuri. Daktari alinihakikishia kwamba kukua huku si saratani na hakugeuki kuwa saratani. Mchana nilimwamini. Saa nane usiku nilikuwa siamini mtu. Ndiye yeye aliyenipa karatasi ya darasa, nikadhani ananitania.

Darasa ni Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi tano na nusu. Mwalimu ni muuguzi, anatuita "baba zangu", anaongea taratibu bila kulegea. Ametueleza kwamba mpango huu ulianza mwaka 1979, mtu mmoja aitwaye Jon Kabat-Zinn aliuanzisha katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, akaanza na wagonjwa ambao tiba za kawaida hazikuwamaliza shida zao. Mwalimu wetu anauita "kuhudhurisha akili". Mzee mmoja, mstaafu wa reli, aliuliza papo hapo kama hii ni ibada ya Wahindi. Mwalimu akamjibu kwamba mizizi yake ya mbali iko huko Asia kwa Wabuddha, lakini humu ndani hakuna dua wala sanamu, kuna pumzi yako na mwili wako, na mwenye swala zake aendelee nazo. Nilimpenda kwa kutuambia ukweli. Mzee wa reli alibaki hadi wiki ya nane.

Sasa lawama, na hii ni kubwa. Chumba kiko ghorofa ya pili, choo kiko chini uani. Ngazi thelathini na nne, nimezihesabu. Wanaume kumi na mmoja wenye tezi dume! Wiki ya kwanza tukaambiwa tukae saa mbili na nusu, tusitoke ovyo, tusivuruge utulivu. Dakika ya arobaini tulikuwa tunaangaliana kama abiria wangu wa zamani. Mzee wa reli ndiye aliyevunja ukimya: "Mwalimu, wewe unatufundisha pumzi, sisi tunahitaji ndoo." Wiki ya pili akabadilisha, pakawa na mapumziko katikati na ruhusa ya kutoka bila kuaga. Cha ajabu, ruhusa ilipokuja, safari za ngazini zikapungua.

Zoezi la kwanza ni la kula. Kwa kawaida hutumika zabibu, yeye alileta ubuyu. Punje moja, dakika kumi. Unaitazama, unainusa, unaiweka ulimini bila kutafuna, unasikia sukari inayeyuka halafu ukali unapanda nyuma ya taya. Nimekula ubuyu tangu mtoto na sikujua kwamba utamu unatangulia. Jirani yangu alitafuna yake dakika ya kwanza akaomba nyingine.

Zoezi lililonishika ni la kulala chali na kuupitia mwili kwa akili, kuanzia vidole vya miguu kwenda juu. Tulipofika chini ya kitovu nikataka kukimbia. Mwalimu akasema kwa sauti ile ile: hiyo haja usiifukuze, usiifuate, iangalie tu. Ni joto? Ni uzito? Inachoma au inasukuma? Iko kulia au kushoto? Nikaangalia. Ilipanda, ikafika mahali, ikashuka yenyewe. Sikuwa nimebana, na alisisitiza kwamba kubana siyo zoezi. Ukiwa na haja nenda. Ila niligundua kwamba kati ya mara tano ninazoitwa, labda mbili ni za kweli. Kwenye basi kuna abiria anayegonga bodi kwa sababu kituo chake kimefika, na kuna anayegonga kwa sababu ameamka usingizini hajui yuko wapi. Dereva mzoefu anawatofautisha kwa mgongo wake hata hajageuka. Kwa mwili wangu mwenyewe nilikuwa dereva mgeni, kila akigonga mtu nakanyaga breki.

Na suala la breki ndilo lililonifungua macho. Wiki ya tatu nilimwuliza daktari wangu, kwa kuwa sipendi kufanya kitu bila kujua kinafanyaje kazi. Alinichorea. Mtu akiogopa, mwili unatoa adrenalini na vitu vya jamii yake, na hivyo vinabana misuli ya shingo ya kibofu na ya tezi yenyewe. Tamsulosini kazi yake ni kuzuia mbano huo huo kwenye misuli hiyo hiyo. Nikakaa kimya pale ofisini kwake. Kumbe kila siku nameza kidonge cha kulegeza breki, halafu kutwa nzima nimezikanyaga kwa woga.

Lakini asije mtu akasema mzee amesema ukivuta pumzi tezi inanywea. Hainywei. Hospitali wana karatasi ya maswali saba, unajipa alama sifuri hadi tano kila swali: unaamka mara ngapi usiku, mkojo unakatika njiani, unajikamua, na kadhalika, jumla 35. Kabla ya darasa nilipata 19. Baada ya darasa 16. Naamka mara tatu usiku badala ya nne, basi. Chini ya karatasi kuna swali la nane, la peke yake: ukiambiwa utaishi na hali hii maisha yako yote, utajisikiaje? Sifuri ni furaha tupu, sita ni balaa. Mwanzoni nilijaza tano. Juzi nimejaza mbili. Dawa ni ile ile niliyoitumia miezi saba kabla sijaanza. Kwa swali hilo la nane peke yake, 160,000 yangu imerudi.

Mengine haraka haraka. Kazi ya nyumbani ni dakika 45, siku sita kwa wiki, na hilo ni la watu wasio na wajukuu. Mwalimu mwenyewe alilegeza hadi ishirini. Sauti anazotuma kwa WhatsApp zina mngurumo wa jenereta, na ile ya pili, pale anaposema "tega sikio ukimya", jogoo anawika. Kuna siku moja ya kukaa kimya saa sita; wawili walikoroma, mimi nikiwa mmoja wao. Mikeka waliyotupa ni myembamba, beba shuka. Na kama mkojo umegoma kabisa, au una damu, hapo si mahali pa kufumba macho na kuhesabu pumzi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Iringa nimekwenda, wiki mbili zilizopita. Niliacha kiti cha mlangoni nikakaa cha tano, dirishani. Morogoro nilishuka kama watu wengine, mara moja. Tulipoingia hifadhini haja ikagonga, nikajua ingegonga. Moyo ukaenda mbio, viganja vikalowa. Nikaweka miguu sawa sakafuni, nikaiangalia: inasukuma, katikati, siyo kali. Nje pundamilia wamesimama wamepeana migongo. Ikapanda, ikashuka, ikapanda tena kidogo karibu na geti la kutokea. Mama Zuhura alikuwa amelala begani kwangu muda wote.

Ruaha Mbuyuni kijana wa konda akauliza nani anachimba dawa. Nikanyoosha mkono wa kwanza, na nyuma yangu wakanyoosha wazee wengine wanne. Wakati wa kurudi garini nikanunua vitunguu, kikapu kizima, nikampa dereva nusu kwa kusimama.