PhET kwa kemia ya mwaka wa kwanza: wapi inakufikisha, wapi inakuacha njiani

Wanafunzi wengi wanaokwama kwenye kemia ya mwaka wa kwanza chuoni hesabu zenyewe wanaziweza. Wanajua kugawanya, wanajua logi, kikokotoo kipo mkononi. Kinachowaangusha ni kwamba wakiandika 2H₂ + O₂ → 2H₂O hawaoni kitu nyuma ya hizo herufi: hawaoni chembe ngapi zimeingia, zipi zimeungana na zipi zimebaki pembeni. PhET, mkusanyiko wa simulesheni za bure kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, umetengenezwa kwa ajili ya pengo hilo hilo. Mradi ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya yeye kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ulianza na fizikia, kemia ikafuata.

Hukumu yetu ni hii. Kwa kuona, ni vigumu kupata kinachozishinda. Kwa kukokotoa hazitoshi hata kidogo, na kuna sehemu ambazo zitakupotosha usipokuwa macho.

Tuanze na iliyo bora kuliko zote kwa mwanafunzi wa chuo, ingawa kwa sura inaonekana ya watoto: Reactants, Products and Leftovers. Skrini ya kwanza ni ya sandwichi, mkate na jibini, ipite haraka. Skrini ya pili ina molekuli halisi: kutengeneza maji, kutengeneza amonia na kuunguza methani. Unaweka idadi ya molekuli za kila kitendanishi (dutu inayoingia kwenye mmenyuko), upande wa pili unaona mazao na masalia.

Jinsi ya kuitumia: chagua amonia, N₂ + 3H₂ → 2NH₃. Kabla ya kugusa chochote, chukua karatasi uandike utabiri wa N₂ 3 na H₂ 7. Halafu weka. Utapata NH₃ 4, na masalia ya N₂ 1 na H₂ 1. Hapo ndipo mwenye macho anashtuka: kitendanishi kinachoisha kwanza, yaani kitendanishi kikomo, ni hidrojeni, mbona imebaki moja? Imebaki kwa sababu simulesheni inahesabu molekuli nzima nzima. Mmenyuko unahitaji H₂ 3 kwa mkupuo. Mikupuo 2 imekula 6, ile ya 7 imekosa wenzake. Kwenye swali la mtihani linalozungumzia moli, hali ni nyingine. Moli 7 za H₂ ukigawa kwa 3 unapata 2.33, kwa hiyo NH₃ ni moli 4.67, hidrojeni inaisha kabisa na N₂ inabaki moli 0.67. Moli moja ina chembe 6.022 × 10²³, hivyo theluthi ya moli si jambo la ajabu. Theluthi ya molekuli ndiyo haipo. Simulesheni haikuelezi tofauti hii. Mwanafunzi asiyeambiwa anaweza kutoka hapo akiamini kwamba kitendanishi kikomo nacho huacha masalia.

Upungufu wa pili ni mkubwa zaidi: hakuna gramu. Kosa linalokula alama nyingi kuliko yote kwenye mada hii ni kuchagua kitendanishi kikomo kwa kuangalia kipi kina gramu chache. Kwa hiyo ukimaliza na skrini, jipe swali kama hili: hidrojeni gramu 10.0 na oksijeni gramu 64.0, maji yatakuwa gramu ngapi? Aliyezoea mkato atasema hidrojeni inaisha kwanza. Badili kuwa moli: 10.0 ÷ 2.016 ni moli 4.96 za H₂, 64.0 ÷ 32.00 ni moli 2.00 za O₂. Kila O₂ moja inataka H₂ mbili, kwa hiyo oksijeni inatumia moli 4.00 tu za hidrojeni, kisha yenyewe inaisha. Maji ni moli 4.00, sawa na gramu 72.1, na hidrojeni inabaki moli 0.96, kama gramu 1.9. Jumlisha 72.1 na 1.9: gramu 74.0, sawasawa na ulichoanza nacho. Hiyo jumla ya mwisho ni ukaguzi wa sekunde kumi, na wanaoufanya ni wachache mno.

Balancing Chemical Equations ni nzuri kwa siku ya kwanza tu. Unabadilisha namba za mbele, mizani na vipau vinakuonyesha upande gani umezidi, uso unatabasamu ukipatia. Kwenye mchezo, ukisawazisha kwa namba kubwa zisizo za lazima, kwa mfano 4, 2, 4 badala ya 2, 1, 2, unaambiwa kwamba mlinganyo umekaa sawa ila haujarahisishwa. Vizuri. Lakini namba ndogo za chini zimefungwa, huwezi kuzigusa, na kosa la kawaida la wanaoanza ni kuzigusa hizo hizo: mtu anageuza H₂O kuwa H₂O₂ ili oksijeni zitimie, kumbe ametengeneza dutu nyingine. Programu inakulinda dhidi ya kosa ambalo karatasi haitakulinda nalo. Pia hutakutana na ioni za atomu nyingi kama salfati au nitrati, wakati milinganyo ya chuo imejaa hizo. Na kuna wanaobonyeza mishale ovyo mpaka uso utabasamu. Hao hawajajifunza kitu.

Sasa Acid-Base Solutions, ambayo peke yake inatosha kumfanya mwanafunzi wa chuo aitafute PhET. Inatenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya hadi mwaka wa tatu: ukali wa asidi na ukolezi wake. Ukali ni sehemu gani ya molekuli inajitenga kuwa ioni. Ukolezi ni kiasi gani umeweka kwa kila lita. Kwenye skrini ya pili kuna kitufe cha kutelezesha kwa ajili ya ukolezi wa mwanzo, kutoka 0.001 hadi 1 mol/L, na kingine cha ukali kwa asidi dhaifu. Unaweza kupima kwa mita ya pH (skeli ya uasidi: ikishuka, uasidi umepanda), kwa karatasi ya pH, au kwa balbu inayowaka kulingana na wingi wa ioni.

Jaribio linalolipa: weka asidi kali kwa 0.001 mol/L. Mita inasoma 3.00. Kisha weka asidi dhaifu, ipandishe ukolezi hadi 0.1 na kuendelea, na uvute kitufe cha ukali taratibu uone inafika wapi. Utapata hali ambapo asidi dhaifu ina pH ya chini kuliko ile kali. Kwa namba tunazozijua wote, asidi ya asetiki ina Ka (namba inayopima ukali wa asidi) ya 1.8 × 10⁻⁵. Kwa 0.10 mol/L, H₃O⁺ (ioni ambayo asidi huizalisha majini) ni kipeuo cha pili cha 1.8 × 10⁻⁶, yaani karibu 1.34 × 10⁻³, na pH ni 2.87. Dhaifu, lakini imeishinda kali iliyozimuliwa. Anayesema “pH ndogo maana yake asidi kali” ajibu hapo.

Endelea kidogo, maana utamu uko mbele. Zimua asetiki hiyo hadi 0.0010 mol/L. Njia ya mkato ya kipeuo cha pili inakupa 1.34 × 10⁻⁴, pH 3.87. Lakini sehemu iliyojitenga sasa ni zaidi ya asilimia 10, na mkato huo unaruhusiwa tu pale ambapo sehemu hiyo haizidi asilimia 5. Ukitatua mlinganyo wa kipeo cha pili kikamilifu unapata 1.25 × 10⁻⁴ na pH 3.90. Katika simulesheni, chagua mwonekano wa grafu, kisha punguza ukolezi na uangalie kipau cha HA (asidi ambayo haijajitenga) dhidi ya kipau cha A⁻ (ioni inayotokana na asidi iliyojitenga): vyote vinashuka, ila HA inashuka kwa kasi zaidi. Asidi dhaifu ikizimuliwa hujitenga zaidi kwa asilimia, huku pH ikipanda. Sentensi hiyo ukiisoma kitabuni inaonekana inajipinga yenyewe; ukiona vipau viwili vikisogea, inakaa.

Lawama yetu hapo ni moja: kitufe cha ukali kimeandikwa tu dhaifu zaidi na kali zaidi, bila thamani ya Ka. Njia ya kuzunguka ipo. Soma ukolezi kwenye grafu, zidisha H₃O⁺ kwa A⁻, gawanya kwa HA, umeipata Ka mwenyewe. Ni zoezi zuri kuliko kama wangeiandika. Wakati huo huo utaona kipau cha maji kikisoma 55.6 mol/L bila kutikisika, ambayo ndiyo sababu maji hayaandikwi ndani ya Ka.

Ndugu yake, pH Scale, ina kitu kimoja cha thamani: kwenye skrini ya pili unaweza kugeuza skeli kutoka ya logi hadi ya kawaida, ukaona jinsi pH 2 inavyoiacha pH 4 mbali mara 100. Juisi ya chungwa, pH 3.5, ukiiongezea maji hadi ujazo uwe mara mbili inafika 3.8, kwa sababu logi ya 2 ni 0.30. Endelea kumimina, itasogea kuelekea 7 na haitaivuka. Wapo wanaodhani asidi ikizimuliwa sana hugeuka besi. Tahadhari: programu inazimua kila kimiminika kana kwamba hakina bafa (mchanganyiko unaozuia pH isibadilike sana) ndani yake. Damu na maziwa halisi havifanyi hivyo, kwa hiyo usichukue namba za hapo kwa ripoti ya maabara.

Kwa ukolezi kuna mbili, Molarity na Concentration. Ya pili ni bora kwa kufikiri. Mwaga myeyusho kwa bomba la chini: moli zinapungua, ukolezi haubadiliki. Vukiza maji: moli ziko pale pale, ukolezi unapanda mpaka myeyusho ushibe, kisha mita inasimama na chembe zinaanza kujikusanya chini. Mtu akiweza kutabiri matukio hayo mawili kabla ya kubonyeza, ameielewa molariti, yaani moli kwa kila lita ya myeyusho. Ya kwanza faida yake ni kwamba ujazo unaobadilisha ni wa myeyusho mzima, wala si wa maji uliyoongeza, na maabara nyingi huharibika hapo. Ukitaka mL 250 za CuSO₄ ya 0.10 mol/L kutoka kwenye fuwele zenye maji matano, pima gramu 6.24, yeyusha kwenye maji kama mL 150, ndipo ujaze hadi alama ya chupa ya kupimia. Ukimimina maji mL 250 juu ya fuwele, ujazo wa mwisho hauna uhakika na ukolezi wako hautakuwa 0.10.

Molecule Shapes ifungue kwenye skrini ya molekuli halisi, chagua maji, kisha geuza kati ya halisi na modeli. Modeli inasema 109.5°, halisi 104.5°. Tofauti hiyo ndogo ni kazi ya jozi pweke mbili za elektroni zinazosukuma vifungo. Washa majina yote mawili ya umbo, la elektroni na la molekuli, maana mitihani huuliza la pili na wanafunzi hujibu la kwanza. Kuchora muundo wa Lewis, yaani mchoro wa nukta na mistari unaoonyesha elektroni za nje, hakumo. Elektroni za nje utazihesabu mwenyewe, 16 kwa CO₂, 18 kwa SO₂, kabla ya kuja hapa.

Build an Atom tunaipa alama ya chini kwa kiwango cha chuo. Inaishia kwenye neoni, protoni 10, na haina obitali (maeneo ambamo elektroni hupatikana). Halafu neno la uthabiti linalotokea kwenye skrini linahusu kiini, wakati mwanafunzi aliyetoka kufundishwa kanuni ya elektroni nane analisoma kama habari ya elektroni. Weka protoni 4 na nyutroni 4: si thabiti. Ongeza nyutroni moja: thabiti. Elektroni hazikuhusika kabisa.

Gas Properties haina mengi ya kulalamikia. Funga ujazo, pasha moto kutoka 300 K hadi 600 K, mgandamizo unakuwa mara mbili. Kisha geuza kipimajoto kiwe cha Selsiasi ujaribu kutoka 30 hadi 60: mgandamizo unapanda kwa kama asilimia 10 tu, kwa sababu ni 303 K kwenda 333 K. Ukizidisha, kifuniko kinaruka.

Kuhusu matumizi: zile mpya zinafunguka kwenye kivinjari cha kawaida, na kila moja unaweza kuipakua kama faili moja ya HTML ukaitumia bila intaneti. Kwenye simu zinafanya kazi, ila visanduku vya kuweka alama ni vidogo na Acid-Base Solutions inabanana. Tumia kompyuta ukiweza, au laza simu. Baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili na watu wa kujitolea, lakini usitegemee kwamba unayoitaka imo. Za zamani zilizoandikwa kwa Java, kama Salts & Solubility, ziache mpaka uwe umemaliza hizi; usumbufu wa kuzifungua ni mkubwa kuliko utakachovuna kwa wiki za mwanzo.