Pipi za Pasaka zisizo na gluteni: tunageuza pakiti moja moja

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Mezani leo kuna sungura wa chokoleti, mayai ya rangi, vifaranga vya mashmelo na pakiti kadhaa za jeli. Ndivyo vitu vinavyojaa rafu za maduka ya Marekani kuanzia katikati ya Februari, wakishaondoa mioyo ya Valentine. Kazi yetu ni kumjazia kikapu mtoto mwenye ugonjwa wa seliaki, yule ambaye utumbo wake unaumia akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Kipi kinaingia, kipi kinabaki dukani?

Naanza na huyu mrembo. Lindt Gold Bunny wa chokoleti ya maziwa, karatasi ya dhahabu, utepe mwekundu shingoni, kengele ndogo. Sogea karibu na kamera uone lebo. Kuna mstari unaoanza na neno "Contains", ule wa aleji. Maziwa yametajwa, shayiri hamna. Wazazi wengi wanaishia hapo, sungura anatupwa kwenye toroli. Sasa panda juu, kwenye orodha ya viungo, ile ya herufi ndogo zinazoumiza macho. Sukari, siagi ya kakao, maziwa, endelea, endelea… hapo. "Barley malt". Kimea cha shayiri. Huyu ana gluteni, arudi rafuni.

Hakuna aliyevunja sheria hapo. Sheria ya Marekani ya aleji ilipitishwa 2004 ikaanza kazi Januari 2006, nayo inalazimisha ngano itajwe waziwazi. Shayiri na rai hazimo kwenye orodha yake. Kwa hiyo mstari wa "Contains" unaweza kuwa msafi kabisa na gluteni ikawa imekaa juu yake kwenye viungo. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya mambo ni tofauti: nafaka zote zenye gluteni lazima zionekane wazi ndani ya orodha ya viungo, na kwa kawaida huandikwa kwa herufi nzito. Shangazi aliyeko London akimshika sungura huyuhuyu, neno shayiri litamkodolea macho. Wewe wa Minneapolis au Dallas itabidi ulitafute.

Na hapa nisimame kidogo kwenye neno kimea, maana linatuponza sisi Waswahili kuliko wengine. Kwetu kimea ni cha ulezi au cha mtama, cha mbege, cha busaa. Ulezi na mtama havina gluteni, kwa hiyo mtu akisikia kimea hashtuki. Kwenye pipi za Ulaya na Marekani, ukikuta "malt", "malt extract", "malt flavor" au "malted milk" bila maelezo zaidi, hiyo ni shayiri. Usibishane nayo. Ila kuna ndugu wa jina ambaye hana hatia: "maltodextrin". Huyo ni wanga uliovunjwavunjwa, Marekani mara nyingi wa mahindi, na kama umetoka kwenye ngano lazima waseme. Maltodextrin isikutishe.

Kwa sababu hiyohiyo ya kimea, hizi mbili hatuzifungui hata kuonja. Whoppers Robin Eggs, haya mayai ya madoadoa mazuri kupita yote mezani, ndani ni maziwa ya kimea na unga wa ngano. Na sungura wa Maltesers kwa walioko Uingereza, jina lenyewe limeshakwambia. Ongeza chokoleti yoyote yenye mchele uliopulizwa ndani, zile zinazolia ukitafuna. Mchele hauna gluteni, lakini ule mchele mara nyingi hutiwa kimea kupata rangi na ladha. Rice Krispies za Kellogg's za Marekani zina kimea. Corn Flakes za Kellogg's pia zina kimea. Kwa hiyo vile viota vya Pasaka vya kutengeneza nyumbani, unayeyusha chokoleti, unachanganya na konfleksi, unapanga vijiyai juu, vinaharibika kabla hujawasha jiko. Tafuta konfleksi zilizoandikwa "gluten free" kabisa.

Haya, maneno "gluten free" yenyewe yana maana gani? Marekani, kwa kanuni ya FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, ya 2013 iliyoanza kubana watengenezaji Agosti 2014, bidhaa yenye maneno hayo iwe na gluteni chini ya miligramu 20 kwa kilo. Ulaya na Uingereza kipimo ni hichohicho, isizidi 20. Tupige hesabu: chokoleti ya gramu 100 iliyo kwenye ukomo ule inabeba miligramu 2. Linganisha na unga: kijiko cha chai cha unga wa ngano ni kama gramu 2 na nusu, na takribani robo gramu yake ni gluteni, yaani miligramu 250. Umeona tofauti? Ndiyo maana vumbi la unga kwenye mkanda wa kiwanda au kijiko kilichochotea biskuti si mambo ya kuchekea. Alama ya GFCO, shirika la kuthibitisha bidhaa zisizo na gluteni, ni kali zaidi, ukomo wake ni miligramu 10 kwa kilo.

Lakini kuandika "gluten free" ni hiari. Pipi inaweza kuwa salama na isiandikwe chochote. Vilevile "may contain wheat" kwa Marekani ni hiari, kwa hiyo kukosekana kwa onyo hilo hakumaanishi kiwanda hakina ngano. Maneno ya "gluten free" yanathibitisha kitu. Ukimya hauthibitishi kitu chochote.

Kimea ulikuwa mtego wa kwanza. Tuje kwenye wa pili, ambao kwa maoni yangu ndio mkubwa msimu huu: umbo. Huku mkononi nina kikombe cha kawaida cha Reese's, huku nina yai la Reese's la Pasaka. Chokoleti na siagi ya karanga, viungo karibu ni vilevile. Hershey, wanaovitengeneza, huweka orodha ya bidhaa zao zisizo na gluteni kwenye tovuti yao. Vikombe vya kawaida vimekuwa ndani ya orodha hiyo, ila maumbo ya msimu, mayai, miti ya Krismasi, maboga, yameachwa nje. Umbo jipya linataka mtambo mwingine, na mtambo ule huenda jana ulipitisha kitu chenye ngano. Hata ukubwa wa pakiti unaweza kuhamisha pipi kutoka mstari mmoja wa kiwanda kwenda mwingine. Kwa hiyo kanuni ya "aah, hii tunaila siku zote" haifai Pasaka. Nunua kikombe cha kawaida, kifunge kwenye karatasi ya rangi, mtoto hatalalamika. Kisses za chokoleti ya maziwa nazo zimekuwa kwenye orodha yao. Kagua orodha kila mwaka, maana bidhaa huingia na kutoka.

Mtego wa tatu ni majina. Smarties. Za Marekani ni vidonge vya sukari vilivyofungwa kwenye roli ya plastiki, havina gluteni, weka kikapuni. Smarties za Nestlé, zile za Uingereza na Kanada, ni chokoleti yenye ganda la rangi na zina unga wa ngano. Jina moja, pipi mbili ambazo hazijuani. Kama bibi amemtumia mjukuu kifurushi kutoka Birmingham, soma upya kila kitu kana kwamba hujawahi kukiona.

Sasa zile zinazopita. Jelly Belly, hizi pipi za umbo la haragwe: kampuni inasema haragwe zake zote hazina gluteni, na wanga wanaotumia ni wa mahindi. Hilo la wanga si dogo. Pipi za jeli humiminwa zikiwa uji kwenye trei zilizojazwa wanga mkavu uliobonyezwa mashimo, zinagandia humo. Wanga ukiwa wa mahindi, umepona. Kwangu hizi ndizo za kwanza kununua: ndogo, hazinyauki, zinaingia kwenye mayai ya plastiki, na hazigeuki tope mfukoni.

Peeps, vifaranga vya mashmelo. Geuza pakiti ya vile vya njano vya kawaida utafute maneno "gluten free", mara nyingi yapo. Ladha maalum za msimu, hasa zenye jina la keki au biskuti, usizipitishe kwa jina la ukoo, kila moja isomwe. Ladha? Sukari juu ya sukari, lakini watoto hawatuulizi sisi. Jambo la pembeni: jelatini yake ni ya nguruwe, kwa hiyo ukigawa kwa majirani Waislamu waambie mapema.

YumEarth wana pipi za vijiti na jeli zisizo na gluteni wala zile aleji kuu tisa za Marekani. Hizi ndizo za kupeleka shuleni au kanisani ambako hujui nani ana nini. Bei iko juu, na kwa nyumbani sioni haja ya kujaza kikapu kizima nazo. Dum-Dums za kijiti zinafanya kazi ileile kwa bei ya chini.

Haribo Goldbears, dubu wa jeli, hawa ndio wenye ubishi. Kwenye lebo utaona sharubati ya glukosi inayoweza kutoka kwenye ngano. Sharubati hiyo hutengenezwa kwa kuvunja wanga na kusafisha, protini ikabaki kidogo mno, kiasi kwamba Ulaya imeiondoa kwenye sharti la kutangazwa kama aleji. Kwa mtu wa seliaki, glukosi ya ngano iliyosafishwa hivyo huhesabiwa salama. Kwa mwenye aleji ya ngano hilo ni suala jingine, aongee na daktari wake. Ila angalia ladha nyingine za kampuni hiyohiyo, hasa za likorisi, zile pipi za kamba za kutafuna: likorisi karibu yote, nyeusi au nyekundu, imeshikwa na unga wa ngano. Twizzlers na Red Vines zimo humo. Watu hawaamini mpaka wasome.

Ukishanunua, kazi inahamia nyumbani, na hapo ndipo vitu salama vinapoharibiwa. Usinunue pipi za kuchota kwenye mapipa ya dukani, kijiko kinazunguka mapipa yote na lebo ya asili haipo. Usifungue pakiti kubwa ukatupa kifuniko. Piga picha ya viungo kwanza. Kikapu chenye biskuti za ndugu yake kisichanganywe na chake, makombo hujificha kwenye yale majani ya plastiki. Kama kanisani kuna mchezo wa kusaka mayai, ongea na waandaaji wiki moja kabla: chagua rangi moja ya mayai, tuseme zambarau, uyajaze wewe mwenyewe, na mtoto ajue yake ni yale tu. Akirudi na mengine, nyumbani kuna sanduku la kubadilishana, anatoa Kit Kat anapokea haragwe.

Na usipime kwa "alikula na hakuumwa". Seliaki inaweza kuchubua utumbo bila tumbo kuuma siku ile. Na kama unamshuku tu mtoto, usimkatie ngano kabla ya vipimo vya damu, kwa sababu vipimo vinahitaji awe bado anaila.

Namalizia na kitu cha kujaza nafasi kikapuni bila kusoma lebo ishirini: kashata ya karanga. Vikombe 2 vya karanga zilizokaangwa na kumenywa, kikombe 1 cha sukari, robo kikombe cha maji, iliki kidogo, chumvi kidogo. Chemsha sukari na maji kwa moto wa wastani bila kukoroga. Ikigeuka rangi ya asali, mimina karanga, geuza haraka, tandaza kwenye trei iliyopakwa mafuta, kata ikiwa bado ya moto. Ukikoroga mapema sukari inarudi kuwa chenga na kashata inavunjika kama mchanga. Ukichelewa kuikata inapasuka ovyo. Wengine hutia unga wa ngano kidogo ili ishike, hasa ya nazi. Usitie, na kama umeletewa na jirani muulize. Karanga nunua zile zisizo na viungo vya unga juu, na trei isiwe ileile uliyotoka kuwekea mandazi bila kuoshwa vizuri kwa sabuni.

Kama una pakiti usiyoielewa, tuandikie hapo chini maneno ya orodha ya viungo yote, si ule mstari wa aleji peke yake, na utaje umenunua nchi gani.