Uzoefu wangu: gundi ya zambarau ya skrubu kwenye kilengeo kinachocheza

Rivolva ya zamani ikianza kutawanya risasi juu na chini, watu hukimbilia kubadilisha risasi. Mimi kwanza nahakikisha silaha ni tupu, naangalia tena, kisha nashika kilengeo cha nyuma kwa kidole gumba na cha shahada na kukitikisa. Cha kwangu kilikuwa kinacheza. Silaha yenyewe ni Smith & Wesson K-22 ya miaka ya 1950, na kwa umri huo skrubu kulegea si ajabu.

Kucheza kidogo tu kunatosha kuharibu kazi. Vilengeo viwili vikiwa vimeachana sm 18 hivi, cha nyuma kikisogea sehemu moja ya kumi ya milimita, risasi inahama karibu sm 1.4 kwa mita 25.

Kabla hujafungua chupa ya gundi, jua kinachocheza ni kipi. Ukiona bamba zima refu linalobeba kilengeo cha nyuma linanyanyuka kutoka kwenye fremu, tazama skrubu ya mbele inayolishikilia. Ukiona ni kile kipande chenye pengo la kuchungulia tu kinachokwenda kushoto na kulia, shida iko kwenye skrubu ya pembeni na nati yake, au kwenye springi ndogo iliyo humo ndani. Hapo gundi haisaidii. Nati hiyo hugongwa ncha ili isifunguke, na ukiilazimisha, mara nyingi skrubu inakatika. Mpelekee fundi wa bunduki akuwekee vipuri vipya.

Langu lilikuwa bamba. Skrubu ya mbele niliitoa kwa bisibisi yenye ncha iliyonyooka, inayojaa mfuo wote. Zile za nyumbani zenye ncha ya kabari hupanda na kuchuna kichwa cha skrubu. Kwenye hesi kulikuwa na mafuta makavu ya rangi ya kahawia, mazito kama lami. Nilisafisha kwa asetoni hadi kitambaa kikatoka cheupe, kwenye skrubu na kwenye tundu lake, maana gundi hii haishiki vizuri penye mafuta.

Gundi za aina hii hukauka zikigusana na chuma mahali pasipo na hewa, ndiyo maana hazigandi ndani ya chupa. Ya zambarau ndiyo yenye nguvu ndogo, inafaa skrubu ndogo, na inafunguka kwa bisibisi ya kawaida. Nyekundu usiisogeze hapa: kuifungua kunahitaji joto la nyuzi 250 hivi, nami joto hilo silipeleki karibu na rangi ya bluu ya silaha ya zamani. Skrubu za kurekebishia kilengeo usizipake kabisa, zinatakiwa zizunguke.

Nilipaka ya zambarau, nikairudisha skrubu, nikaiacha saa 24 kabla ya kufyatua. Bamba sasa limetulia, risasi zinakusanyika, na ule mtawanyiko wa juu na chini umekwisha. Nimerudi kuilegeza skrubu kwa makusudi, ikafunguka bila ugomvi, nikasafisha na kupaka upya.

Gundi hii naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya mdomo wa chupa: tone linalotoka ni kubwa mno kwa skrubu ndogo hivi, na linalobaki hutiririka chini ya bamba. Mimi hulichota kwa ncha ya kijiti cha meno.